Daftari la Kuitia Majina

Shamsi alinisimulia haya baada ya khitma ya mke wangu, watu walipokwisha kuondoka.

Mama yake, Bi Ummy, ni mgonjwa. Kabla hajafa anataka baba yake, aliyekwenda vita vya Burma asirudi, asomewe khitma. Lakini hataki asomewe mtu ambaye pengine yu hai. Basi Shamsi, aliyerithi jina la babu huyo, alikwenda Shangani kwenye chumba kimoja cha kumbukumbu kutafuta ushahidi.

Mtunzaji, Munir, alimtolea daftari la kuitia askari majina. Kila aliyeitika alitiwa alama ya penseli. Baada ya mapigano ya mwisho, mbele ya jina la babu palikuwa patupu.

"Mwambie mama asome," alisema Munir. Hapo umeme ukakatika. "Nnakwenda kuwasha jenereta. Usinichanganyie maiti wangu."

Madirisha yalikuwa yamefungwa, giza likawa zito. Shamsi alisikia viatu vingi vikijipanga sakafuni, kisha kimya.

"Shamsi," sauti iliita taratibu.

Alidhani ni Munir. "Naam," akaitika.

Mbele yake kabisa, penseli ilikwaruza karatasi. Chini uani, jenereta likanguruma, na Munir akamwita kutoka huko.

Bi Ummy bado anauliza khitma lini. Shamsi humwambia bado anatafuta, kwa sababu taa zilipowaka, mbele ya jina la babu palikuwa na alama, na unga wa penseli ulipeperuka alipohema.