Grisi Juu ya Kutu

Maji yakimwagika huzoleka. Katika yadi ya Bwana Kavu yalizoleka kila baada ya mafuriko: yalinyonywa kwenye mazulia, yakafutwa kwenye viti, manukato yakapulizwa, na gari lililokuwa limezama likauzwa kwa kauli moja: "Kavu kabisa, mzee." Jina lake lilitoka hapo.

Asubuhi ile maji yalimzoa mwenyewe.

Gari lake lilivutwa kwa mnyororo kutoka kwenye kivuko, pale mto unapopanda juu ya barabara mvua ikikaza. Milango ilikuwa imefungwa. Vioo vyote vilikuwa juu. Bwana Kavu alikutwa kiti cha nyuma, mdomo karibu na dari, mahali hewa ilipoishia.

"Bwana Kavu kafa maji," Koplo alisema. Kisha akauona uso wa Inspekta. "Samahani, afande."

"Daktari anasemaje?"

"Matope kwenye mapafu. Kucha zimevunjika. Mfa maji haishi kutapatapa, alikuwa anakwaruza kioo." Koplo alipiga miayo. "Injini ilinywa maji ikazima, mto ukapanda. Ajali. Jalada tunalifunga kabla ya chai."

Inspekta alikuwa anatazama vioo.

"Gari likiingia majini, vioo vya umeme hufa papo hapo?"

"Si umeme na maji, afande?"

"Betri huhimili dakika kadhaa. Mlango hugandamizwa na maji, lakini mtu anayejua magari hushusha kioo akatoka. Huyu ameishi kwa magari. Kwa nini hakushusha?"

Gari lilipofikishwa uani kituoni, Inspekta alivua koti la sare akapandisha mikono ya shati. Koplo hakuwahi kumwona hivyo. Hakujua kwamba bosi wake alikulia gereji, kwa kaka wa mama yake, fundi umeme wa yadi hiyohiyo ya Bwana Kavu. Hakuna aliyejua. Chuoni Inspekta alizisugua kucha kwa mchanga mpaka zikatoka damu, na alipoulizwa kwao wanafanya kazi gani, alisema biashara.

Aling'oa swichi ya vioo mlangoni. Nje ilijaa matope. Akachomoa soketi yake, akaipindua juani.

Ndani hakukuwa na tone.

"Kavu kabisa," Koplo alisema, safari hii bila mzaha.

Soketi ilikuwa imejazwa grisi mpaka ukingoni, kwa kidole, kisha ukingo ukafutwa vizuri. Inspekta aliipangusa kidogo kwa kitambaa. Chini yake pini zilikuwa za kijani, zimelika kama meno ya mzee.

"Kutu hii haikuota jana," alisema. "Ni ya miezi. Grisi ni mpya, haina hata vumbi. Maji ya jana hayakufika hapa. Swichi ilikuwa mbovu kabla gari halijalowa."

Alifungua boneti, akainama mpaka chini ya injini, kwenye sensa inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Habari hiyo ikikatika, injini huzima. Soketi ilikuwa na mambo yaleyale: kutu ya zamani, grisi mpya. Tena rangi za nyaya hazikufanana. Soketi ya gari jingine ilikuwa imeungwa kwa risasi ya kuchomelea na kuzungushiwa utepe.

"Mtu kachukua vifaa vya gari lililowahi kuzama akavipandikiza humu," Koplo alisema. "Lakini afande, anayetaka kuua anapaka grisi ya kuzuia maji ya nini?"

"Hakukusudia kuipaka. Mkono wake umezoea."

Alipokuwa mdogo, mkono huo ulimgonga vidole kila aliposahau. Soketi haifungwi uchi, mtoto wewe. Yadini walimwita mjomba Grisi.

Koplo aligeuka kutafuta mfuko wa vielelezo. Inspekta alibaki na soketi mkononi. Mpanguso mmoja tu, na kingebaki chuma kibovu na maji. Alipotazama chini, aliona kitambaa kimeshakunjwa tayari, na kidole chake kiko ndani. Uso ulimwaka. Alikitupa kitambaa kama kimemuuma.

"Funga hivi vyote," alisema. "Usiache hata kimoja mikononi mwangu."

Mchana alikwenda kwao. Mama yake alimkuta mlangoni, akasimama hapohapo, upana wake umeziba njia.

"Andika maji," mama alisema.

"Nani kakwambia nina cha kuandika, mama?"

"Umekuja mchana, na sare. Hujawahi kuja mchana na sare. Majirani huwa unawaonea haya." Sauti ya mama ilishuka. "Maji hayana dada wa kufedheheka, mwanangu. Mimi nina watu. Nitapitia wapi kesho? Na hiyo sare, nani kakuvalisha? Si mikono hiyohiyo unayoitafutia pingu?"

"Najua, mama."

"Unajua, halafu?"

Nyuma ya mama, mlango wa chumba cha uani ulifunguka. Mjomba alitoka na shati safi, nywele mbichi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Alimpapasa dada yake begani ili ampishe. "Nimeshanawa. Twende."

Chumbani kwa mahojiano Inspekta alimwambia Koplo: "Andika juu kabisa. Mhojiwa ni kaka wa mama yangu. Kesi itashikwa na mwingine, mimi nauliza ya leo tu." Koplo aliinamisha kichwa. Alikuwa anaona haya kwa niaba yake, na hilo lilimchoma Inspekta kuliko kama angecheka.

"Una haki ya kunyamaza, Mjomba."

"Nimenyamaza miaka. Imetosha."

"Vifaa vilitoka gari gani?"

"La yule muuguzi."

Wote walilijua. Muuguzi kijana alinunua gari yadini, likamzimia akilipita lori barabara kuu. Akafa.

"Ulilikausha wewe?"

"Mimi. Nilimwambia Kavu soketi zimeoza, zibadilishwe. Akasema, paka grisi, funga. Nikapaka. Nikafunga." Alitazama kucha zake. "Binti alirudi mara mbili kulalamika. Injini inakatakata, vioo vinagoma. Kavu akacheka. Kioo kikigoma, dada, si ufungue mlango?"

"Na wewe?"

"Nilicheka pia. Kidogo. Alikuwa bosi."

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Endelea, Mjomba."

"Msibani Kavu alininyooshea kidole mbele ya watu. Fundi wangu huyu ndiye aliyelikagua, muulizeni. Na ilikuwa kweli. Nilingoja baba wa binti anipige. Hakunipiga. Aliinuka akanipa kiti chake, akasema, karibu fundi, umetoka mbali." Mjomba alifunika macho. "Kile kiti, mwanangu. Mpaka leo sijainuka pale."

"Ukachukua vifaa."

"Mabaki ya gari yalirudishwa yadini. Nikatoa swichi na soketi ya sensa. Kavu alipoleta gari lake kwa matengenezo, nikavipachika. Sikujua lingemzimia wapi. Barabarani, getini, majini. Binti naye hakujua. Nilimpa Kavu gari alilomuuzia yule mtoto, na nafasi ileile ya kufungua mlango."

"Lakini ukapaka grisi."

Alishtuka. "Nilipaka?"

"Zote mbili. Na ukafuta ukingo."

Mjomba alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa ameongea usingizini.

Nje, kwenye benchi, mama alikuwa amejifunika khanga usoni ili asitambulike. Inspekta alimwona kupitia uwazi wa mlango. Aliinama mezani.

"Mjomba, hakimu hutazama majuto. Useme umekosa. Useme unamwomba radhi marehemu. Maneno machache tu, Koplo atayaandika. Nakuomba. Mama yuko pale nje."

Mjomba alimtazama dada yake, kisha akamtazama yeye, sare yake, vifungo vyake.

"Wewe nimekuaibisha," alisema. "Na yule pale. Hilo litanila mpaka kaburini."

"Na Bwana Kavu?"

Aliivuta karatasi ya maelezo, akatafuta mahali pa kuweka sahihi.

"Kavu simwombi radhi."