Mume wa Jumatatu

Walikutana mlangoni, na hawakukutana kwa uzuri. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, foleni ya tiketi imezunguka Ukumbi mpaka imeziba geti la nyuma, na Bi Pini, fundi wa mavazi, ikabidi apite mlango wa mbele na rundo la magauni lililomfika puani. Haoni mbele. Upande wa pili anakuja mwanamume mrefu, shati la kijivu kalifunga vifungo hadi kooni, ngazi begani. Naye anatazama juu, anahesabu taa za darini. Matokeo yake unayajua. Magauni chini, ngazi juu ya magauni, na watu wa foleni wakapiga makofi kana kwamba wameshalipia.

"Wewe baba, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani sana, dada. Mimi ndiye fundi mpya wa taa."

"Fundi wa taa asiyeona! Basi tumekwisha."

Yule bwana akainama, akaokota gauni jekundu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. "Hili la nani?"

"La malkia. Shika vizuri, hilo si tambara."

"Na malkia mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko ghorofani anatafuta chaja ya simu. Unabeba au unahoji?"

Akabeba. Alipanda naye ngazi zote mpaka chumba cha mavazi, na jioni ile ile, katikati ya wimbo wa mwisho, taa zote zikazimika. Halikuwa kosa lake, ni nyaya za zamani, lakini nani anataka kusikia habari za nyaya? Kuanzia siku hiyo akaitwa Giza. Mpaka leo hata meneja haandiki jina lake halisi bila kuuliza kwanza.

Sasa Ukumbi wenyewe nikwambie. Si jengo zuri. Nje rangi imebanduka, ndani viti vinalia. Lakini katika mji ule, mwimbaji ambaye hajaimba pale ni mwimbaji wa harusi tu, hata akipigwa redioni kutwa. Mchekeshaji akisema neno pale Ijumaa, Jumamosi wauza nyanya wanalo mdomoni, na Jumapili shemeji yako anakutania nalo. Na mavazi? Jamani! Bi Pini akimvisha mwigizaji mikono ya puto, wiki haiishi mji mzima umevimba mabega. Mafundi cherehani wengine walikuwa wanakata tiketi za viti vya mbele, si kwa ajili ya mchezo, ni kupiga picha mishono. Bi Pini aliwajua wote kwa sura. Alikuwa anachungulia kwenye upenyo wa pazia na kusema, "Yule mwizi wangu leo kaja na mkewe."

Yeye mwenyewe alivaa aproni ya kijivu yenye mifuko, kanda ya kupimia shingoni, na pini midomoni, ndiyo maana ya jina. Alikuwa ameachika zamani, kwa amani, na hakuwa na hamu ya kurudia. Giza hakuwahi kuoa kabisa. Jioni ambazo wenzake walikuwa wanatongoza, yeye alikuwa kwenye kibanda cha taa, kule juu nyuma ya viti vya mwisho, anawamulikia wapenzi wa kuigiza.

Mapenzi yao yalianzia kwenye kusimama. Kila mchezo mpya, kabla ya waigizaji kuja, fundi wa taa lazima apange taa zake, na taa haipangwi kwenye hewa. Anatakiwa mtu asimame jukwaani, hapa, kisha pale, kisha karibu na mlango wa bandia, ili fundi aone mwanga unaangukia uso au unaangukia sakafu. Kazi hiyo haina heshima. Anapewa yeyote aliye karibu. Siku moja aliyekuwa karibu ni Bi Pini.

"Hatua moja kushoto, Bi Pini."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwako. Mimi huku sina kushoto, nina ngazi tu."

"Ukianguka usiniangukie, nina mchezo Ijumaa."

"Nikianguka nitachagua pa kuangukia. Inua uso. Hapo. Umependeza, mama."

"Taa ndiyo imependeza."

"Taa nimeijaribu kwa mlinzi jana. Haikufanya hivyo."

Akacheka mpaka pini ikamtoka mdomoni. Basi ikawa desturi. Kila mchezo mpya, yeye anasimama, Giza anapanga, na ukumbi mtupu unasikiliza. Pale walizungumza mambo yote: mama yake Giza anayelalamika kwenye simu, dada yake Bi Pini aliyefungua duka la kushona mji wa jirani, maumivu ya mgongo, bei ya vyumba. Siku nyingine zote walionana mbio mbio, yeye nyuma ya pazia anamvua mtu na kumvisha mwingine gizani, Giza kule juu, kati yao watu wote wa mjini wakiwa wamekaa. Wakitoka wamechoka hata kusema kwaheri ni mzigo. Giza alikuwa anampigia simu akishafika kwake.

"Umefika, roho yangu?"

"Nimefika. Nimekaa. Usinifanye niongee."

"Basi nitaongea mimi."

"Ongea. Nikikoroma ujue nimekubali."

Hivyo ndivyo walivyopendana, na sikufichi, yalikuwa mapenzi ya watu waliochoka.

Dada yake alikuwa anampigia kila mara. "Mdogo wangu, njoo huku. Cherehani ya pili imekaa bure. Utashona umekaa, saa kumi na moja unafunga, unalala. Pale panakutafuna miguu."

"Nitakuja, dada."

"Lini? Nikishazeeka?"

Hakwenda, na sababu ilikuwa moja tu, iko kule kwenye kibanda. Magoti yalikuwa yameanza kumwasi. Ngazi za kwenda chumba cha mavazi alikuwa anazipanda ameshika ukuta, akisikia mtu anakuja anauachia na kujifanya anatafuta kitu mfukoni. Pale Ukumbini mtu akionekana miguu imegoma anapewa kiti karibu na choo na kazi ya kugawa funguo. Kwa hiyo alificha. Alimficha kila mtu, na Giza kuliko wote.

Ukaja mchezo mkubwa wa mwaka, ule ambao mji ulikuwa unausubiri, matangazo hadi kwenye nguzo za umeme. Siku ya kupanga taa Bi Pini aliamka mapema, akapaka miguu dawa, akavaa kilemba kipya cha zambarau ambacho hakikuwa cha kazi, tuseme ukweli. Akashuka jukwaani.

Kulikuwa na mtu pale.

Ni binti mmoja wa kundi la dansi, mguu mrefu, kaptula fupi, anatafuna bazoka. Kasimama mahali pake kabisa, uso juu, mwanga wa njano unammwagikia, na sauti ya Giza inashuka kutoka kwenye ngazi: "Hapo hapo, mrembo. Usitikisike."

Bi Pini akasimama kando ya pazia. Giza akamwona. Na hapa ndipo mtu mzima mwenye akili timamu alipofungua kinywa, mbele ya mafundi wote, akasema kwa furaha kabisa:

"Aa, Bi Pini! Leo usisumbuke. Nimeshapata mtu."

Wanaume hawa, jamani. Wewe!

Bi Pini akasema, "Haya," akageuka. Ngazi za juu alizipanda bila kushika ukuta, kwa hasira tu, na kila ngazi ilimuuma. Alipofika alifunga mlango, akavua kilemba, akampigia dada yake.

"Ile cherehani bado imekaa bure?"

"Imekaa. Kuna nini? Mbona unapumua hivyo?"

"Nimepanda ngazi. Mchezo huu ukiisha wiki yake ya kwanza, nakuja."

Akamwambia pia Mama Kengele, msimamizi wa jukwaa, mwanamke asiyejua kunong'ona. Kabla ya chakula cha mchana Ukumbi wote ulikuwa unajua. Giza alizipata habari akiwa na sandwichi mkononi, na sandwichi ile hakuimaliza.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Alikwenda chumba cha mavazi akakuta umati wa wachezaji wanapimwa, na Bi Pini na pini zake midomoni, asiyeweza kuongea na asiyetaka. Wiki nzima ikaenda hivyo. Mchezo ulifunguliwa, watu walisimama wakapiga makofi, magazeti yakasifu mavazi na taa kwenye sentensi moja, na wenye mavazi na taa hawakuwa wanasalimiana. Bi Pini alikuwa anarudi kwake, anakaa kitandani na viatu mguuni, analia kidogo, halafu anaacha kwa sababu hata kulia kunataka nguvu.

Alhamisi asubuhi akapokea simu, kwa kuchoka kuisikia ikilia.

"Sema."

"Unaondoka kwa sababu yangu?"

"Naondoka kwa sababu zangu. Wewe si umeshapata mtu?"

"Yule mtoto? Bi Pini, yule namwita mrembo kwa sababu jina lake silijui!"

"Na mimi uliniita nini siku zote?"

Giza akasema, taratibu, kama mtu anayeshusha taa nzito kwa kamba: "Nilikuona ngazini. Umeshika ukuta. Ukakaa ngazi ya chini ukawa unajisugua goti, na uso wako... Nikasema simsimamishi tena huyu kwa ajili ya taa zangu. Nikatafuta mwenye magoti mazima. Ndiyo hayo tu."

Bi Pini hakufurahi. Ungedhani angefurahi. Alihisi joto la aibu likimpanda mpaka masikioni.

"Uliniona lini?"

"Muda kidogo."

"Na hukusema."

"Ningesema ungekataa kwamba unaumwa."

"Ningekataa, ndiyo! Halafu ningesimama! Giza, pale ndipo pekee ninapokaa na wewe bila watu. Umeninyang'anya kwa huruma yako, tena mbele ya mafundi wote. Afadhali ungeniibia."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Bado naondoka."

"Hata baada ya kujua?"

"Sasa si kwa hasira. Nimechoka, mpenzi. Nimechoka kweli kweli. Hebu nisikie na wewe usinijibu."

Giza alibaki kwenye simu tu, anasikika anavuta pumzi, mpaka salio likaisha.

Jumapili kulikuwa na onyesho la alasiri, na ilikuwa siku ya mwisho ya Bi Pini. Mavazi alishamkabidhi mwenzake. Giza akamtumia ujumbe: *Vaa vizuri. Ingia mlango wa mbele.* Alikuja amevaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe na hakuwahi kulivaa, viatu vya chini, hereni. Giza alikuwa amesimama kwenye kapeti la mlangoni, koti limembana, viatu vinamuuma waziwazi, tiketi mbili mkononi.

"Nani yuko kwenye taa?"

"Msaidizi wangu. Usiniulize."

"Umewahi kuketi huku?"

"Sijawahi. Wewe?"

"Hata siku moja."

Maisha yao yote kwenye jengo lile, na hawajui mchezo unaonekanaje kutoka mbele. Wakaketi safu ya kati. Bi Pini akaona gauni jekundu likipita kwenye mwanga, akasema, "Loo," kimya kimya, kwa sababu lilikuwa zuri, na hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo akaamini. Mbele yao mwanamke mmoja akatoa simu akapiga picha mikono ya puto. Giza akamgusa kiwiko, wakacheka wamejiziba midomo.

Mapumziko yakaja. Watu wakatoka kunywa soda. Wao hawakuinuka.

"Nataka kukuuliza," Giza akasema. "Na sikuulizi usiondoke. Nenda. Kashone umekaa."

"Kumbe unauliza nini?"

"Ukumbi unafungwa Jumatatu. Kila Jumatatu. Basi la asubuhi linafika kule kabla jua halijakolea. Nikigonga, utanifungulia?"

"Kama mgeni?"

"Kama mumeo. Tukioana."

Bi Pini akamtazama yule mwanamume aliyebanwa na koti. "Yaani mume wa Jumatatu."

"Kwa sasa. Siku nyingine nipo huku, sikudanganyi. Hakuna anayezijua zile nyaya, na nikiziacha leo watu watakaa gizani kweli. Nimeanza kumfundisha msaidizi. Akishaweza, nitakuwa na Jumanne. Kisha tuone."

"Wenzangu wanaolewa wiki nzima."

"Najua."

"Na sitakupikia. Ukija uje na chakula. Mimi Jumatatu sisimami jikoni."

"Nitakuja nacho."

"Na hunifichi kitu, hata kibaya. Hata ukiona natembea kama bata, useme."

"Unatembea kama bata."

"Nitakupiga mbele za watu." Alikuwa analia, na hakujifuta. "Haya. Nitakufungulia. Ndiyo, Giza. Nimekubali, usinitumbulie macho hivyo."

Kengele ikalia, watu wakarudi, ukumbi ukafifia. Pazia likapanda na jukwaa likabaki jeusi. Mwigizaji anaongea gizani. Msaidizi kachelewa, kapotelewa na swichi. Giza akashtuka, mikono kwenye kiti, keshanyanyuka nusu, jicho juu kwenye kibanda.

Bi Pini akamshika paja.

"Kaa," akasema.

Akakaa. Kule juu mtu akaipata swichi, mwanga ukaja, umechelewa, haukuwa mahali pake sawasawa, na mchezo ukaendelea. Bi Pini alivua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akamwegemea begani, na kabla malkia hajamaliza maneno yake ya kwanza alikuwa amelala fofofo.