Mlio wa Kamera ya Marehemu

"Umegeuza tena kabla ya kuvuta!"

Fundi aliishika ile kamera kuukuu ya Kirusi kama daktari amshikavyo mtoto aliyeanguka pale pale alipokatazwa kupanda.

"Nilisahau, Fundi," alijibu mwanamume aliyesimama mbele ya meza. "Kichwa changu siku hizi kinavuja."

"Kichwa kinavuja, au masikio yameziba? Kamera hizi si simu. Unavuta kwanza mkono wa filamu, ndipo unageuza kitufe cha kasi. Ukitanguliza kugeuza, meno ya gurudumu la ndani yanasagika. Nimekueleza, nawe ukaitikia, 'Naam, Fundi.'"

"Naam, Fundi."

Fundi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuwa amecheka tangu mtu huyu alipokuja mara ya mwisho.

Mtu mwenyewe aliitwa Bwana Winchi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuendesha winchi la ujenzi. Alishinda peke yake katika kibanda cha vioo juu ya mji, akipiga picha za mapaa wakati wa mapumziko. Kamera za Kirusi, ambazo watu walikwisha kuzisahau darini, zilikuwa zimerudi kwa kishindo. Vijana walizivaa shingoni kama mikufu, na walizisifu lenzi zake kwa namna zinavyoufanya mwanga wa nyuma uzunguke kama maji yaliyokorogwa. Duka ambalo Fundi aliachiwa na marehemu mumewe lilijaa wateja tena. Hata hivyo, wateja walisalimu, wakachukua vyao, wakaondoka. Ni Bwana Winchi peke yake aliyekuwa akikawia.

"Vipuri vimeniishia," Fundi alisema. "Havitengenezwi tena. Kamera moja hupona kwa kuichinja nyingine."

Uso wa mwanamume ukasawijika. "Kule juu sina mwenzangu isipokuwa hii."

Fundi alitupia jicho rafu ya juu. Kamera ya mumewe ilikuwa pale, ya aina ile ile. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, aliishusha, akavuta, akabonyeza. Chak! Ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya kumtakia usiku mwema.

"Njoo keshokutwa," alimwambia.

Jioni ile aliifungua kamera ya mumewe, akatoa gurudumu lake. Hakuna aliyemlazimisha. Akafunga duka bila kusikia kitu.

Bwana Winchi alikwisha kuichukua kamera yake, nzima, siku wifi alipoingia. Huyu alikuwa dada wa marehemu, mwanamke mwenye mdomo usio na kifuniko. Kama kawaida yake, aliishusha kamera ya kaka yake, akavuta, akabonyeza. Kimya.

"Wifi! Kaka yangu amekuwa bubu?"

"Nimetoa gurudumu lake."

"Ukampa nani?"

Fundi akajishughulisha na kitambaa cha kufutia lenzi.

"Usiniambie ni yule dereva wa winchi!"

"Alisahau kuvuta kwanza. Watu husahau, wifi."

"Eti alisahau!" Wifi akachomoa simu mkobani. "Mimi nawafuatilia mtandaoni hawa wapenda kamera wako. Hebu mtazame msahaulifu wako."

Katika video ya mwaka uliopita, Bwana Winchi alikuwa ameketi kibandani, kamera mkononi, akiwafundisha wageni wa kamera hizo.

"Ndugu zangu, shikeni hili kabla ya yote," alikuwa akisema. "Vuta kwanza, ndipo ugeuze. Fundi wangu alinifundisha, nami sitalisahau mpaka naingia kaburini."

Fundi aliketi taratibu.

"Alikuwa akiivunja kwa makusudi," alisema.

"Wifi yangu," yule mwenzake alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "ulimpa sauti ya kaka yangu?"

Alipobaki peke yake, Fundi alimwandikia Bwana Winchi ujumbe: "Usirudi dukani kwangu. Ulikuwa ukijua."

Simu ikaita. Hakupokea. Ikaita tena, kisha ujumbe ukaingia: "Nilikuwa nikijua. Niliivunja ili nipate sababu ya kuja. Sikuwa na nyingine."

Akamjibu: "Gurudumu lililomo ndani ya kamera yako ni la marehemu mume wangu. Kila jioni nilikuwa nikisikiliza mlio wake. Sasa nafunga duka kama ninayefunga kaburi."



Asubuhi alimkuta mlangoni, kofia ya kazi kwapani, kamera mikononi.

"Litoe," Bwana Winchi alisema. "Mrudishie mwenyewe."

"Yako itakufa."

"Na ife."

Fundi alifungua mlango, akaketi, akashika bisibisi. Vijiskurubu vikawa vikidondoka kisahanini.

"Kwa nini hukusema tu?"

"Niseme nini, Fundi? 'Habari za asubuhi, mimi ni mpweke'? Watu huitazama nyumba inavyopanda, hawamtazami aliye kwenye winchi. Wewe ulinigombeza. Nilikuwa nimesahau ladha ya kugombezwa."

"Nilikuwa nikiitetea kamera, si wewe."

"Najua. Nami nilikuwa nimesimama karibu nayo."

Fundi alikaza skurubu ya mwisho, akainua kamera ya mumewe sikioni, akavuta, akabonyeza.

Chak!

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa cha lenzi. Bwana Winchi aliichukua kamera yake iliyokufa, akaelekea mlangoni.

"Sasa sina tena sababu ya kuja," alisema.

"Kile kiti kimejaa vyuma," Fundi alisema, akionyesha kiti cha mumewe, ambacho tangu msiba hakuna aliyekikalia. "Viondoe. Na kesho uje mikono mitupu. Ukija na kitu kilichovunjika, sikufungulii."

"Naam, Fundi."

Alikuja mikono mitupu kweli, na mchana kutwa hakujua pa kuiweka. Jioni, wakati wa kufunga, Fundi aliishusha kamera kutoka rafuni, akasitasita, kisha akamkabidhi.

"Vuta kwanza," alimwambia.

"Najua."

"Najua kwamba unajua."