Mstari Juu ya Ziwa Kisiba

Sogea karibu na moto, nikutegee. Anaumeza mlima Rungwe mchana kweupe, mbele za watu, na jioni anautapika mzima, hata mgomba mmoja haujatafunwa. Nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Usinipe Mbeya, ni mkubwa, utanishinda kufagia. Nipe Tukuyu. Ahsante. Sasa mji ni wangu, nakujibu: ni ukungu. Na ndani ya ukungu huo, siku ya gulio, kwenye njia panda ya sokoni, alisimama msichana mwenye koti la mvua la njano lililomfika magotini, anahesabu watu.

Jina lake Lilian. Kwao ni Singida, kwenye jua kali na mawe makubwa. Alikuwa afisa wa mipango miji, kaletwa huku kwetu kusaidia kuandika upya taratibu za mji na vijiji: nyumba zijengwe kwa sura gani, watembea kwa miguu wapite wapi bila kugongwa, bodaboda ziegeshwe wapi, na sehemu zipi za milima na maziwa ziachwe kama Mungu alivyoziweka. Mkononi alishika kidude cha kubonyeza. Mtu akipita, ta. Bodaboda ikipita, ta.

Wanawake wamepanga mikungu ya ndizi kando ya mtaro, makonda wanaita Kyela, wanaita Mbeya, harufu ya samaki wa kukaanga imechanganyika na ya matope. Ikapita pikipiki nyekundu yenye tenga la maparachichi. Ta. Ikarudi bila tenga. Ta. Ikapita tena. Ta. Safari iliyofuata ikasimama.

"Dada wa njano! Umenihesabu tena?"

"Nahesabu kila chombo kinachopita, kaka."

"Basi utawaambia wakubwa Tukuyu ina bodaboda kuliko watu, kumbe ni mimi peke yangu naranda."

"Na kwa nini unaranda?"

"Mara ya kwanza nilileta mzigo. Hizi nyingine nimekuja kuhesabiwa."

Lilian akataka kukasirika, kicheko kikamtangulia. "Umeniharibia kazi ya asubuhi nzima!"

"Nilipe faini ya chai na kitumbua?"

Huyo ndiye Lutufyo, kijana wa Kisiba, mrefu, jaketi la ngozi limechubuka viwikoni, gambuti zimejaa tope jeusi la kwao. Alikuwa akikusanya maparachichi ya wakulima na kuyapeleka kwa wanunuzi. Faini ililipwa. Na siku iliyofuata ikalipwa tena, ingawa kosa halikuwepo.

Lilian alipanga chumba nyuma ya nyumba ya Mama Agness, muuza vitenge. Mvua ya Tukuyu unaijua, ikishika bati haiachii. Kusikia simu ilibidi ajifunike blanketi gubigubi.

"Singida wangu, umekula?"

"Nimekula, Parachichi. Mbona unahema hivyo?"

"Nimepanda kilima. Mtandao uko juu, mapenzi yako juu, ndizi zangu ziko chini zinaungua."

"Shuka ukale, wewe!"

"Nikishuka nitakupoteza. Ongea kwanza."

Alikuwa mtu wa kumchekesha. Na Lilian alihitaji kuchekeshwa, maana huku hakuwa na ndugu, hakuwa na rafiki, na Kinyakyusa cha wamama wa sokoni kilimpita kama upepo juu ya paa.

Jumapili moja baada ya ibada Lutufyo akampakia, wakateremka hadi Kisiba. Akampeleka kwenye mteremko ulio juu ya lile ziwa la duara, maji yametulia chini kama uji uliopoa kwenye bakuli. Shamba lile baba yake alikuwa amempa yeye. Akaanza kupima kwa hatua katikati ya majani.

"Hapa jiko. Hapa baraza. Hapa dirisha lako, ukiamka unaliona ziwa kabla hujaniona mimi."

"Basi nitakuwa naamka na furaha."

"Wewe! Unanikosea adabu kwenye nyumba yangu mwenyewe?"

Wakacheka mpaka ndege wakaruka. Jioni ile Lutufyo alikaa na baba yake, Mzee Anyosisye, akamwambia: nimepata mke, anaitwa Lilian, mtu wa Singida. Mzee akaitikia kwa kichwa. Lutufyo hakumwambia Lilian kwamba ameshamtaja nyumbani. Alitaka amweleze siku ya kumpelekea wazee kwao.

Ofisini nako kazi ya maandishi ikafika kwenye maziwa. Taratibu mpya zilitaka mstari uchorwe juu ya Ziwa Kisiba. Chini ya mstari watu wangelima migomba na kahawa, lakini wasijenge tena, udongo usije ukaporomokea majini. Lilian alikwenda, akatazama mteremko na mifereji ya mvua, akachora. Alipomaliza, jiko, baraza na dirisha lake vyote vilikuwa chini ya mstari.

Hakumficha. Alimwita Lutufyo kwenye mgahawa uleule wa vitumbua, akamweleza.

"Si uupinde kidogo tu?" Lutufyo akasema. "Ni shamba moja, Lili. Nani atajua?"

"Jirani yako atajua. Naye atataka upindwe kwake. Na yule wa pili."

"Kwa hiyo mimi na jirani ni sawasawa?"

"Kwenye ramani, ndiyo."

"Na moyoni?"

"Usinifanyie hivyo. Nakuuliza wewe sasa. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeupitisha wapi?"

Lutufyo alitazama chai yake. Akavaa helmeti, akatoka, na pikipiki ikazama ndani ya ukungu.

Siku zikapita hakuna simu. Halafu ikaja siku ya mkutano wa Kisiba, wananchi waisikilize rasimu. Mvua ilikuwa nyingi, wakakutania ukumbi wa kanisa. Lilian alivaa gauni la kitenge cha bluu alilochaguliwa na Mama Agness, akabandika ramani ukutani. Benchi la mbele, kwenye koti jeusi la Jumapili, aliketi Mzee Anyosisye. Lilian alimtambua, maana picha yake aliwahi kuiona kwenye simu ya Lutufyo.

Mtendaji akasimama. "Sasa tumkaribishe afisa wetu wa mipango, Lilian, mtu wa Singida."

Mzee Anyosisye akavuta kofia ikamfunika macho. Akainuka, akampa Lilian mgongo, akatoka nje mvuani.

Ukumbi mzima ulimwona Lilian akiugeukia ukuta. Alieleza hivyo hivyo, uso kwenye ramani, akifuatisha mstari kwa kidole. Watu waliuliza, walibishana, walipiga kura ya mikono. Wengi wakakubali. Yeye alikusanya karatasi zake kama mtu anayekusanya vyombo baada ya msiba.

Jioni alipiga simu mwenyewe.

"Lutufyo, ujumbe wenu nimeupata."

"Ujumbe gani? Mimi niko Mbeya na mzigo tangu jana."

"Usijifanye. Kama kwenu mmenikataa ungeniambia kwa mdomo wako. Kumtuma mzee mbele za watu ni aibu."

"Lili, sielewi unachosema."

"Mimi nimeelewa. Usinipigie tena."

Lutufyo akabaki ameshika simu katikati ya makreti. Akajiambia, anatafuta sababu, ameshachagua mstari wake. Na kiburi cha mwanaume kikamwambia asibembeleze. Aliporudi nyumbani alimuuliza baba yake mkutano ulikwendaje. "Vizuri," akasema mzee, akaendelea kunoa panga. Hakuongeza neno, na alikuwa na sababu yake.

Nikutegee kingine kidogo. Yumo chumbani, hali, hajifuniki, na kadiri unavyomfukuza ndivyo anavyojinyoosha kitandani kwako. Ni upweke huo. Alihamia kwa Lilian msimu wote wa mvua. Alikula naye ugali aliouacha nusu, alilala naye chini ya blanketi ambalo sasa halikuwa na simu ndani. Akipita njia panda, akiona pikipiki nyekundu, kidole gumba chake kilibonyeza hewa. Na kule Kisiba kijana alikuwa anapanda kilima chenye mtandao, anakaa juu ya jiwe, anatazama jina la Lilian kwenye kioo, anashuka.

Lilian akaomba uhamisho. Ukaja: Kahama. Alipokuwa anakunja nguo Mama Agness akaingia na sahani ya magimbi.

"Unatukimbia kweli, mwanangu? Na yule kijana wa parachichi?"

Ndipo Lilian alipomwaga yote, na machozi juu yake. Mama Agness akasikiliza, akaweka sahani chini.

"Ngoja. Mzee alitoka kabla hujatajwa au baada?"

"Baada. Alipolisikia tu jina langu."

Mama Agness akajiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Unanicheka, mama?"

"Nisamehe. Hakuna aliyekwambia? Kwetu baba mkwe hakai chumba kimoja na mke wa mwanawe. Hamtazami, hamtaji jina, akikutana naye njiani anapita migombani. Mke naye vilevile, anajificha. Ni heshima. Wengi siku hizi wameacha, lakini mzee yule ni wa zamani. Ungekuwa mtu baki angekaa pale akubishie mpaka jua lizame!"

"Lakini sijaolewa."

"Kwake umeshaolewa. Na wewe hukumwona tu, ulikuwa umeyapa madirisha kisogo. Mimi nina shamba huko Kisiba, nilifika mkutanoni nimechelewa, nikakaa dirishani. Alijibanza ukutani nje mvuani mpaka mwisho. Mtendaji aliposema wanaokubali wanyooshe mikono, mkono wake ukapenya dirishani umelowa chapachapa, nusura unizabe kofi."

"Alikubali? Na shamba ni la mwanawe?"

"Nilidhani unajua, mwanangu. Kijiji kizima kinajua."

Asubuhi Lilian alivaa koti la njano, akachukua bodaboda hadi Kisiba. Mzee Anyosisye alikuwa uani anakata majani ya mgomba. Alipoona njano ikichomoza njiani, panga likadondoka, na mzee na miaka yake yote akachomoka mbio, akazama migombani. Lilian alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akakumbuka zamu yake. Akajivutia kofia ya koti usoni, akageuka akatazama njia.

Sauti ikatoka kwenye migomba. "Lutufyo! Mwambie mgeni asisimame mvuani. Na mwambie chai ipo."

Lutufyo akatoka ndani, amekonda, gambuti mguu mmoja. Akasimama.

"Mzee anasema usisimame mvuani."

"Nimesikia."

"Najua umesikia. Lakini lazima mimi niseme. Chai ipo."

"Mwambie nashukuru."

"Baba! Anashukuru!"

"Nimesikia!" ikajibu migomba, na nyayo zikaenda mbali zikichana majani makavu.

Wakakaa barazani. Lilian akamweleza yote, na Lutufyo akashika kichwa.

"Ungeniuliza tu, Lili."

"Ungenipigia tu."

"Ulisema nisipige."

"Tangu lini unanisikiliza?"

Akatabasamu kidogo, tabasamu likafa. Alikuwa ameona bahasha ya serikali ikichungulia kwenye mkoba wake.

"Unakwenda wapi?"

"Kahama. Naripoti wiki ijayo, siwezi kukataa, nimeomba mwenyewe."

"Kuna ukungu?"

"Kuna vumbi."

Kuku walikuja kujikinga mvua miguuni mwao.

"Nenda karipoti," Lutufyo akasema. "Mshenga wangu atafika Singida kwa mama yako kabla nguo zako hazijakauka. Nyumba nitajenga huku juu, jirani na mzee. Ziwa hutaliona dirishani, itabidi utembee. Utakubali?"

"Nitatembea," Lilian akasema. "Lakini mwaka huu nitatembea Kahama."

"Najua."

Mvua ikapungua. Lutufyo alikuwa anazungusha kikombe mikononi, chai imepoa.

"Siku ile pale mgahawani uliniuliza, nikavaa helmeti."

Lilian akaweka kikombe chake chini.

"Hapohapo," akasema. "Ningeupitisha hapohapo ulipoupitisha wewe. Nililijua jibu palepale uliponiuliza, ndiyo maana nikakimbia."