Kidole cha Tano

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu, tumbo moja. Anapiga chelo, ile fidla kubwa inayobanwa katikati ya magoti. Nyumbani tunamwita Msumeno, na jirani yetu hajawahi kupinga.

Okestra ya mji ilikuwa na kiti kimoja kitupu, na dada alikitaka kuliko chakula. Muziki wa usaili haukupatikana dukani. Akaukuta maktaba, nyuma ya rafu ya ramani, karatasi zimeshika rangi ya chai.

Wapiga chelo wana desturi ya kuandika kwa penseli, juu ya nota, namba ya kidole cha mkono wa kushoto: moja hadi nne. Gumba halihesabiwi. Maktaba nayo ina sheria: futa alama zako kabla ya kurudisha. Aliyetangulia hakufuta, na dada akafurahia mteremko.

"Mbona sikumbuki kumwazima mtu hizi?" mkutubi aliuliza, akizigeuzageuza.

Namba zilimkaa vizuri mkononi, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Hapo nota ziliachana mno, vidole havikufika, na hapakuwa na namba yoyote. Jumamosi mchana alitoka kunywa maji. Aliporudi, pameandikwa.

"Nani anachezea karatasi zangu?"

"Dada, mimi hata nota sizijui."

Alinitazama kwa jicho la pembeni. Mimi nami nikamshuku yeye.

Namba yenyewe ilikuwa tano.

"Hakuna kidole cha tano," alinong'ona. Kisha akacheza.

Nilikuwa jikoni. Pale pagumu pakapita, laini, bila kukwaruza. Huyo hakuwa Msumeno ninayemjua. Niliogopa kuingia.

Akaniita mwenyewe. Kwenye ubao mweusi wa chelo, chini ya nyuzi, jasho la vidole lilikuwa halijakauka. Alama nne zilikuwa zake. Ya tano ilikuwa ndefu.

"Futa, dada."

"Nikifuta, kiti kinakwenda."

"Kiende!"

"Nyamaza."

Kiti akakipata. Jioni ya siku ya usaili akachukua raba ili karatasi zirudi maktaba. Akafuta ile tano. Akaanza kufuta namba za kidole cha nne. Ghafla akaacha. Akakigonga mezani kidole chake cha mwisho, mara ya kwanza taratibu, kisha kwa nguvu.

"Sikisikii," akasema.

Mpaka leo hakisikii kitu, hata sindano ya daktari. Mama husema tamaa mbele, mauti nyuma, halafu hulia. Lakini kwenye okestra kidole hicho hicho hubonyeza nyuzi bila kosa. Dada anaapa si yeye anayebonyeza.

Karatasi hatukuzirudisha. Tulizifunga kamba, tukaziweka juu ya kabati. Juzi, dada akiwa mazoezini, nilizifungua.

Ile tano imerudi. Kila palipokuwa na nne, sasa pana tano.

Na namba za kidole cha tatu zimeanza kufifia.