Chembe za Kefiri

Kila asubuhi Lydia humsaidia mama yake kazi za kiwandani. Kiwanda chenyewe ni chumba kimoja tu nyuma ya nyumba yao pale Pito, lakini usafi wake unazishinda sebule za watu wengi. Humo mama yake, Otilia, hutengeneza kefiri, yaani maziwa yaliyochachushwa kwa chembe nyeupe zinazofanana na vitonge vya wali. Chembe hizo zina uhai. Hutiwa kwenye maziwa yaliyochemshwa yakapoa, huachwa humo siku nzima, kisha huchujwa na kutiwa kwenye maziwa mengine.

Jumamosi moja Lydia alichuja kefiri, akabaki na chembe kwenye chujio. Nje rafiki yake Jenifer alikuwa akimwita wakacheze rede. Kwa kuwa vyombo vyote vya kiwandani huoshwa kwa maji ya moto, Lydia aliona chembe nazo azisafishe vivyo hivyo. Akachukua birika, akazimwagia maji yanayochemka, akazitumbukiza kwenye ndoo ya maziwa, na huyo, mchezoni!

Jumapili, walipotoka kanisani, mama alionja maziwa yale akakunja uso. Hayakuwa na uchachu hata chembe.

"Lydia, jana ulizifanyaje chembe zangu?"

"Nilizichuja tu, mama, kama kawaida."

"Basi tatizo ni maziwa ya Mzee Felisiani. Ng'ombe wake alidungwa sindano ya ugonjwa wa kiwele. Maziwa yenye dawa hayachachuki."

Lydia alinyamaza. Moyoni alijua kabisa kilichotokea.

Jumatatu alfajiri Mzee Felisiani alifika akisukuma baiskeli yenye kidumu cha maziwa.

"Shikamoo, babu," Lydia alisema akitazama chini.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mama hakukipokea kidumu. "Mzee wangu, maziwa yako yana dawa. Yameniharibia kefiri yote."

"Mama Lydia, sindano ya mwisho ilikuwa wiki tatu zilizopita! Siku alizosema daktari wa mifugo nilizitimiza, na maziwa yote ya siku hizo nikayamwaga. Nikuuzie dawa, anywe na mtoto huyu?"

Majirani wawili waliokuja kununua walitazamana. Mmoja akarudisha chupa yake kikapuni. Mzee aliinamisha kichwa, akageuza baiskeli, akaondoka bila kuaga. Lydia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Shuleni hakusikia somo hata moja, na uji wa saa nne ulimshinda. Aliporudi nyumbani hakuvua hata sare.

"Mama, mzee hana kosa. Chembe nilizimwagia maji ya moto, kisha nikakudanganya."

Mama akajifunga khanga. "Twende kwake. Utamwambia kwa kinywa chako."

Walimkuta Mzee Felisiani akipukuchua mahindi pamoja na mkewe, Rozina. Lydia alipiga magoti akaeleza yote, sauti ikikatika kwa kilio.

"Na mimi unisamehe, mzee," mama aliongeza. "Nimekuhukumu mbele za watu bila kuchunguza. Nimeaibika. Na chembe zenyewe zimekufa zote."

Bibi Rozina aliingia ndani, akatoka na chupa ya maziwa mazito. "Umesahau? Mwaka juzi chembe zako zilipozidi ulinigawia. Nimezitunza mpaka leo. Chukua nusu."

Mama aliipokea chupa kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Kidumu nitakileta kesho," mzee alisema, "ila majirani wale wanaamini mimi ni tapeli."

Kesho yake majirani walipofika, Lydia alikipokea kidumu mwenyewe. Akasema kwa sauti: "Maziwa ya babu ni mazuri. Aliyeharibu kefiri ni mimi, na nilimwacha alaumiwe."

Yule jirani wa jana akaitoa tena chupa yake kikapuni. Mzee Felisiani akamwekea mkono begani.

"Kuunguza chembe ni bahati mbaya, mjukuu wangu, kila mtu hukosea. Lakini uliponyamaza, ulinitwika mimi kosa lako, na mimi sikujua hata nimebeba nini. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajalala na aibu yako."