Beji ya Muuguzi

Habari hii alinipa mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, siku mvua ilipotufungia ndani tukikunja nguo za watoto. Yeye ni sajini wa upelelezi na si mtu wa maneno mengi, ila siku hiyo yalimtoka.

Jumapili asubuhi Mama Studio alifungua kabati la chuma la studio yake ya picha. Kufuli lilikuwa zima. Mkoba wa kamera mpya ulikuwa mahali pake, lakini alipouinua ukamjia mwepesi kama kikapu kitupu. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kufutia lenzi, basi.

Sajini alipofika aliuliza kwanza habari za funguo.

"Ziko mbili. Mmoja ninao shingoni. Wa pili anao Kipara."

"Na jana nani alifunga?"

Mama Studio aliushika ufunguo wa shingoni. "Kipara."

Kipara alikuwa mpiga picha wake tangu studio ilipofunguliwa, mzee asiye na unywele hata wa dawa.

"Kamera niliiweka mimi, nikafunga mimi," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Ufunguo hukaa kwenye koti. Koti nalitundika mlangoni."

"Nani alipita karibu na hilo koti?"

"Mwanangu, wanasema akili ni nywele. Wewe mwenyewe unaniona. Sikumbuki."

Sajini aliuma mdomo asicheke. Mkuu wake wa kituo cha polisi, alipopelekewa jibu hilo, hakucheka. Kipara akawekwa mahabusu.

Fundi simu wa mlango wa pili aliitamani kamera ile waziwazi, lakini Jumamosi yote alikuwa kwa wakwe zake, na wakwe wakathibitisha, tena kwa kulalamika kwamba hakuondoka mapema. Akabaki Shemeji, mume wa mdogo wake Mama Studio, mpiga picha wa pili. Huyu hakuwa na ufunguo, na alionekana kuumia kuliko wote.

"Masikini mzee wa watu! Lakini ndiyo hivyo, shemeji, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi Jumapili ile ile nimekwenda kwenye mahafali ya wauguzi na kamera kuukuu. Aibu tupu! Ningefanyaje?"

Ikafika siku ya kuamkia kesi. Kesho yake Kipara angesimamishwa mahakamani, na mtu wa umri ule akishaitwa mwizi, hata akiachiwa, jina halirudi lilivyokuwa.

Sajini alirudi studio bila kujua anatafuta nini. Ukutani palitundikwa picha ya muuguzi aliyopiga Shemeji kwenye mahafali ya Jumapili, imekuzwa kama ubao wa mlango, ikimsubiri mwenyewe. Akaisogelea. Kifuani muuguzi alikuwa na beji, na kuizunguka beji herufi ndogo kama sisimizi: *Huduma kwa Upole*. Alizisoma zote.

Kando yake palikuwa na picha ya mwaka jana, kazi ya Kipara: chuo kile kile, ngazi zile zile, ukubwa ule ule. Akaisogelea nayo. Beji ilikuwa doa. Nyusi zilikatika vipande vipande kama vigae.

"Mama, hii ya mwaka jana ilipigwa na kamera gani?"

"Hiyo kuukuu. Mpya sikuwa nayo bado."

"Na lenzi?"

"Lenzi ni moja, inaingia zote mbili. Ndiyo maana haikuibwa, ilibaki kwenye kuukuu." Mama Studio akaweka chini vikombe vya chai alivyokuwa ameleta. "Mwanangu, ndani ya kamera kuna kijidude kinachopokea mwanga, kimejaa vitone. Cha zamani kina vitone milioni sita, kipya milioni ishirini na nne. Picha ikiwa ya kiganja huwezi kuzitofautisha. Ikuze, ndipo ya zamani inapoumbuka."

Naye sasa alikuwa akiitazama beji.

Shemeji alipoingia alimkuta muuguzi amefuata picha yake, beji kifuani. Sajini akamkabidhi kamera kuukuu.

"Mpige tena. Huko nje, juani, umbali ule ule wa Jumapili."

"Ya nini tena, afande?"

"Nifurahishe tu."

Alipiga. Mama Studio akaikuza kwenye kompyuta. Beji ikawa doa.

"Mkono umetetemeka," alisema Shemeji.

"Rudia."

Alirudia. Doa.

"Ile ya Jumapili niliisafisha kwa kompyuta!"

"Shemeji," alisema Mama Studio polepole, "kompyuta hukuza ilichopewa. Itasomaje maneno ambayo kamera haikuyaona?"

"Na kila picha hubeba ndani yake jina la kamera iliyoipiga," Sajini alisema. "Nimeangalia kwenye kompyuta: za Jumapili zote zimefutwa jina hilo. Zako tu. Kamera iliyoibwa Jumamosi ilifanyaje kazi Jumapili?"

Shemeji alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Kamera mpya mnanipa mimi," alisema, "na wateja wanaingia wanauliza, 'Kipara yuko wapi?' Kila siku! Nikachukua ufunguo kotini, nikafungua, nikaitoa, nikafunga, nikaurudisha. Nilitaka aondoke tu. Halafu Jumapili... nisingeweza kupiga na ile takataka, watu wakasema Kipara angepiga vizuri zaidi."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Kwenye begi la nepi za mtoto. Mke wangu hajui."

Mama Studio hakumtukana. Alimgeuzia mgongo mpaka alipotolewa.

Kipara aliletwa mchana ule ule. Mama Studio akampokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Kaka yangu, nilitaja jina lako kabla sijafikiri. Nisamehe."

"Ulitaja aliyefunga," Kipara alisema. "Na aliyefunga ni mimi."

Aliiangalia kwa muda mrefu picha ya muuguzi, iliyobakizwa kama ushahidi. "Amepiga vizuri, mshenzi huyu," alisema. Kisha akajinyoosha kwenye benchi la wateja, chini ya pazia lililochorwa mawingu, koti lake akalikunja likawa mto, ufunguo aliorudishiwa ndani ya ngumi. Mama Studio alizima taa kubwa. Kabla hajafika kwenye swichi ya pili, mzee alikuwa ameshalala.